Msiri wa Bunkeya: Mtu wa Safari Aliyetua Mzigo Wake



Katika namba hii ya gazeti letu tunataka kuwaelezea maisha ya mtu mmoja ambaye kila mtoto wa Katanga amesikia jina lake, lakini si wote wanaojua habari yake sawasawa. Mtu huyu ni Msiri, mwami wa Bayeke, aliyekufa karibu na Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891. Wengine wanamsifu kuwa shujaa aliyekataa kutoa inchi yake. Wengine wanamtaja kuwa mtu wa damu aliyeuza watu. Tunapozungumza habari zake kisha masomo, mara nyingi maneno yanakuwa makali, kwa sababu kati yetu wamo wajukuu wa wale waliokuja naye, na wamo pia wajukuu wa wale aliowakuta.

Sisi hatutaki kuwasha moto. Tunataka kueleza mambo vile yalivyokuwa, na kutafuta jibu la ulizo moja: mtu wa safari akichoka kutembea, akatua mzigo wake katika inchi ya wengine, ataishi namna gani na wenyeji? Maana Msiri, mbele ya kuwa mfalme, alikuwa mtu wa msafara. Tusipoanza pale hatutafahamu maisha yake wala kifo chake.

1. Mtoto wa njia

Msiri alizaliwa karibu mwaka 1830 katika inchi ya Basumbwa, upande wa Unyamwezi, kaskazini-magharibi ya Tabora. Leo inchi hiyo ni sehemu ya Tanzania. Jina alilopewa nyumbani lilikuwa Ngelengwa. Baadaye akaitwa Mwenda, na kwetu akajulikana kwa jina la Msiri. Baba yake aliitwa Kalasa, naye alikuwa mchuuzi wa shaba.

Kule Unyamwezi kazi ya msafara haikuwa kazi ya aibu. Kijana ambaye hakubeba mzigo mpaka pwani alihesabiwa bado ni mtoto. Wakati wa jua, mavuno yakiisha kuwekwa gulani, vijana waliondoka kwa mamia. Kila mtu alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, mara nyingine zaidi, begani au kichwani, pamoja na chakula chake, mkeka wake na silaha yake. Mbele alitembea kiongozi, na ngoma ikapigwa. Wakirudi nyumbani mbele ya mvua, walilima.

Tusifikiri kwamba mtu wa msafara alihitaji nguvu za miguu tu. Alipaswa kujua adabu ya njia. Huwezi kupita katika inchi ya mtu bila kumwona mwenye inchi. Unasimama nje ya kijiji, unatuma watu wawili watatu na zawadi, unangojea. Mfalme akitaka hongo, unajadiliana naye pole pole, bila kumtukana. Unajifunza maneno ya lugha yake. Mara nyingine unachanjana damu na mtu mkubwa wa mahali, na tangu siku hiyo wewe na yeye ni ndugu, na msafara wako unapita salama. Msafara uliokosa adabu hiyo ulifungiwa maji na chakula, nao ulikufa njiani. Kijana Ngelengwa alikua katika masomo hayo.

2. Njia ya shaba

Misafara mingi ya Unyamwezi ilielekea Bagamoyo, kwenye bahari, kupeleka pembe za tembo na kuleta nguo, shanga, bunduki na baruti. Lakini Basumbwa walikuwa na njia yao nyingine, iliyokuja huku kwetu. Walisikia kwamba magharibi ya ziwa Tanganyika na ya mto Luapula kuna inchi ambayo mawe yake yanageuka shaba.

Habari hiyo ilikuwa kweli. Tangu miaka mamia, wenyeji wa Katanga walichimba shaba wakati wa jua, wakaiyeyusha katika tanuru za udongo kwa makaa na mivuo, wakaimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ya shaba ilikuwa mali. Mtu aliweza kuoa nayo, kulipa deni nayo, kununua chumvi au jembe. Hayo yote yalikuwako mbele ya mgeni yeyote kufika, na ni vizuri wanafunzi wajue vile, maana kuna watu wanaofikiri kwamba shaba yetu iligunduliwa na kompani za Wazungu.

Kalasa alikuja kununua shaba hiyo, kiisha mwana wake akafuata nyayo za baba. Njia ilipita kwa Mwata Kazembe, mfalme mkubwa wa Balunda wa Luapula, ambaye alishika mlango wa kuingia Katanga. Bila ruhusa yake hakuna msafara uliovuka. Ngelengwa alitoa zawadi, akaruhusiwa. Inasemekana ilikuwa karibu mwaka 1856 alipofika kati ya Basanga na Balamba pamoja na watu wake. Hawakuwa wengi. Wengi wao walikuwa wawindaji wa tembo, na jina Bayeke linatokana na neno la kwao la kuwaita wawindaji hao. Walikuwa na kitu kimoja ambacho wenyeji hawakukizoea bado: bunduki.

3. Mgeni aliyekaribishwa

Wakati ule watu wa Katanga waliishi chini ya wafalme wengi. Kati ya Basanga, mmoja aliyeheshimiwa sana aliitwa Mpande. Kati ya Balamba kulikuwa mfalme Katanga, ambaye jina lake ndilo tunaitia inchi yetu yote mpaka leo. Upande wa kaskazini kulikuwa Baluba wenye nguvu, ambao mara kwa mara walishuka kushambulia vijiji na kutafuta mulambo.

Wazee wanaeleza kwamba Msiri hakuingia kwa vita. Aliingia kama mgeni wa biashara. Alinunua pembe na shaba, akalipa, akaondoka, akarudi. Kiisha siku moja, Baluba waliposhambulia Basanga, wageni wale walisaidia wenyeji wao. Mlio wa bunduki ulitisha washambulizi wakakimbia. Tangu siku hiyo Mpande alimpenda yule kijana wa Usumbwa. Husimuliwa pia kwamba Mpande, alipokuwa mzee na mgonjwa, alimpa Msiri kibao cha kombe la bahari, ambacho kwetu kilikuwa alama ya ufalme. Kuna ukoo unaokubali hadithi hiyo na kuna ukoo unaosema mgeni alijichukulia mwenyewe kile ambacho hakupewa. Hapa sisi hatuamui. Lakini pande zote mbili zinapatana kwa jambo moja: wenyeji ndio waliomfungulia mlango.

Basi Msiri akatua mzigo. Hakurudi tena Usumbwa kuishi. Alioa mabinti wa wafalme wa huku, na wenzake wakaoa vile vile. Wakalima mashamba. Ndugu na jamaa wengine wa Usumbwa waliposikia kwamba kuna mahali pa kukaa, walikuja nao. Mtu aliyekuja kama mpagazi, kisha miaka michache alikuwa na mke Msanga, wakwe Basanga, watoto wanaosema Kisanga kwa mama yao. Ndiyo njia ambayo mtu wa msafara anakuwa mtu wa kijiji.

Bayeke walileta pia ufundi. Wafua shaba wao walijua kuvuta shaba ikawa uzi mwembamba, wakatengeneza nayo bangili za mikono na miguu zilizonunuliwa mbali sana. Shaba ya wenyeji na ufundi wa wageni vilikutana, na pande zote mbili zikafaidika. Kama habari ingeishia hapa, tungekuwa na hadithi nzuri ya kuwafundisha watoto wadogo. Lakini haikuishia hapa.

4. Mgeni anakuwa mwami

Watu walianza kumletea Msiri mashitaki yao. Wafalme wawili wakigombana, mmoja alikuja kuomba bunduki za Bayeke. Msiri alisaidia, kiisha akadai mulambo. Yule aliyesaidiwa akawa chini yake, na yule aliyeshindwa akawa chini yake pia. Pole pole wakubwa wa inchi walijikuta ni watumishi wa mgeni wao. Wazee wetu wanasema mgeni ni wa siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Kwa Msiri jambo liligeuka: mgeni ndiye aliyewapa wenyeji jembe, akawaambia walime.

Alikatalia Mwata Kazembe heshima za zamani, akafunga njia ya mulambo uliokuwa ukienda mashariki. Akaita ufalme wake Garenganze. Ulienea toka upande wa Lualaba mpaka upande wa Luapula. Mji wake mkubwa ukawa Bunkeya, katika uwanda wa Lufira, kaskazini ya mahali ambapo leo kuna mji wa Likasi.

Bunkeya ulikuwa mji wa ajabu kwa wakati ule. Ulikuwa na watu maelfu, vijiji vikifuatana na vijiji mpaka chini ya milima. Misafara ya mashariki ilileta nguo na shanga za Zanzibar. Misafara ya magharibi ilitoka Bié na Benguela, katika Angola ya leo, ikaleta bunduki na baruti za Wareno. Sokoni mtu alikuta chumvi ya Mwashya, shaba, chuma, pembe za tembo, samaki na unga. Alisikia Kisumbwa, Kisanga, Kiluba, Kilamba, Kilunda, Umbundu, na Kiswahili. Ndiyo, wandugu, hiki Kiswahili ambacho tunaandikia gazeti letu kilikuwa tayari kinasemwa Bunkeya kwa misafara, miaka mingi mbele ya reli na mbele ya migodi mikubwa.

Lakini sokoni pale kulikuwa na biashara nyingine ambayo hatuwezi kuificha. Watu waliuzwa. Kila bunduki iliyoingia ilikuwa na bei yake, na pembe za tembo hazikutosha kulipa. Basi vita vilifanywa ili kupata mateka, na mateka walipelekwa kwa mafungu, zaidi kwa njia ya Bié. Watu hao walikuwa nani? Walikuwa watoto wa vijiji vya Katanga na vya jirani. Yaani wajukuu wa wale waliomkaribisha mgeni na unga na maji.

Msiri alikuwa na wanawake mamia. Tusicheke, maana haikuwa anasa tu. Kila mfalme aliyekuwa chini yake alitoa binti, na huyu binti akawa kama rehani. Tena Msiri alipanga baadhi ya wanawake zake wakae katika vijiji mbalimbali, wawe macho na masikio yake. Mmoja wa wanawake zake wakubwa, Maria de Fonseca, alitoka jamaa ya wachuuzi wa upande wa Angola, na kwa ndoa hiyo njia ya baruti ilikuwa imara. Hivi ndoa, ambayo kwanza ilikuwa kamba ya urafiki kati ya mgeni na mwenyeji, iligeuka kuwa kamba ya kufungia.

5. Mtu wa Injili anafika

Tarehe 14 Februari 1886 alifika Bunkeya kijana mmoja wa Scotland, Frederick Stanley Arnot. Alikuwa na miaka 27. Alitoka kwanza Afrika ya Kusini, akakaa kwa Balozi wa Zambezi, akavuka mpaka Benguela, kiisha akaja Katanga kwa njia ya misafara ya Bié. Hakuwa na askari. Alikuwa mmisionere wa kwanza kukaa Katanga.

Msiri alimpokea vizuri. Alimpa mahali pa kujenga, akamlinda. Arnot aliona mambo mawili pamoja. Aliona mfalme mwenye akili, mwenye kupenda kuuliza maulizo mengi, aliyejua habari za mbali kuliko wachuuzi wengi. Aliona pia mafuvu ya vichwa vya watu juu ya miti ya boma, ya watu waliouawa kwa amri ya mfalme. Arnot alikaa kwa subira, akakusanya watoto yatima na wengine waliookolewa kutoka utumwa, akaanza kuwafundisha. Mwisho wa mwaka 1887 wenzake Charles Swan na William Faulknor walifika kumsaidia, na mwaka 1890 akafika Dan Crawford pamoja na wengine.

Tunafikiri Msiri aliwapenda wamisionere kwa namna aliyojua: sawasawa na vile yeye mwenyewe alivyopendwa zamani na Mpande. Aliwaona ni wageni wanaofaa, wanaojua kusoma barua na kutoa dawa. Lakini hakupokea mafundisho yao. Kuacha biashara ya watu kungekuwa kuacha baruti, na bila baruti angebaki na nini?

6. Wenyeji wanasimama

Jibu lilikuja bila kukawia. Basanga walichoka. Wazee wanaeleza kwamba moto uliwashwa na kifo cha mwanamke mmoja Msanga aliyeitwa Masengo, aliyeuawa kati ya Bayeke. Lakini kifo kimoja hakiwashi inchi nzima kama kuni hazikukauka mbele. Kuni zilikuwa zimekauka: mulambo mzito, mateka, mabinti waliochukuliwa, hukumu za kifo.

Basanga hawakuwa na bunduki nyingi. Walikuwa na ujuzi wa inchi. Walijificha milimani na porini, wakavizia misafara, wakachoma vijiji usiku, wakawazuia watu wa Bunkeya kwenda mashambani. Tuangalie jambo hili: silaha yao kubwa ilikuwa kufunga njia. Na kwa mtu wa msafara hakuna ugonjwa mkubwa kuliko njia kufungwa. Baruti ilipungua. Wachuuzi waliogopa kuja. Mwaka 1891 njaa iliingia Bunkeya, na watu wengi waliuacha mji ule, wakaenda kutafuta chakula kwingine.

Msiri alikuwa sasa mzee wa miaka 60 hivi. Alikuwa na maadui ndani ya nyumba. Ndipo maadui wa nje walipobisha mlango.

7. Msafara wa mwisho

Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulikuwa umeisha kuweka masharti ya kuchukua inchi za Afrika. Leopold wa Pili, mfalme wa Wabeleji, alisema Katanga ni ndani ya Serikali yake Huru ya Congo, ile ambayo watu waliiita Leta. Waingereza wa kompani ya Cecil Rhodes walisema wao pia wanaitaka. Hakuna aliyemwuliza Msiri, wala aliyewauliza Basanga.

Novemba 1890 alifika Mwingereza Alfred Sharpe na mapatano yaliyoandikwa. Msiri alipofahamu maana yake alikataa, akamwambia aende zake. Aprili 1891 alifika Paul Le Marinel kwa jina la Leta. Msiri hakupokea bendera yake, lakini kituo cha Leta kilijengwa karibu na mto Lofoi. Oktoba 1891 alifika Alexandre Delcommune. Msiri alikataa tena.

Kiisha ulikuja msafara wa nne. Ulikuwa wa Compagnie du Katanga, na mkubwa wake alikuwa kapiteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa afisa wa jeshi la Uingereza. Ulitoka Zanzibar katikati ya mwaka 1891 na watu zaidi ya 300, wapagazi na askari wa pwani. Ulipita Bagamoyo, ukapita Tabora, ukavuka ziwa Tanganyika, ukafika Bunkeya tarehe 14 Desemba. Hebu tufikiri kidogo. Ulipita karibu na inchi ambayo Msiri alizaliwa. Ulitoka upande ule ule wa mashariki ambao kijana Ngelengwa alitoka miaka 35 mbele, na mizigo ile ile ya nguo, shanga, bunduki na baruti. Mzee Msiri aliweza kuusikia mbali na kuujua. Alijua vema msafara wenye bunduki nyingi unaweza kufanya nini ukifika kwa watu waliogawanyika, maana yeye alikuwa amefanya vile.

Stairs alitaka bendera ya Leta ipandishwe. Msiri alicheleweshacheleweshwa maneno, kama vile alivyofanya na wengine. Stairs hakungoja. Alipandisha bendera juu ya kilima bila ruhusa ya mwenye mji. Usiku Msiri aliondoka akaenda kijiji cha Munema, si mbali sana. Tarehe 20 Desemba Stairs alituma kapiteni Omer Bodson, Mbeleji, na de Bonchamps, Mfaransa, pamoja na askari mia hivi, wamlete. Bodson aliingia katika boma na watu wachache. Mabishano yakawa makali. Bodson alimpiga Msiri risasi, na Msiri akafa pale pale mbele ya nyumba yake. Masuka, mmoja wa watu wa mwami, naye alimpiga Bodson risasi, na Bodson hakupona. Kiisha watu wa Stairs walikata kichwa cha Msiri wakakionyesha. Mpaka leo wazee wanasimulia mambo mbalimbali juu ya mahali kichwa hicho kilipopelekwa, na Bayeke hawakusahau uchungu ule.

Stairs mwenyewe hakufaidi sana. Alishikwa na homa, na Juni 1892 alikufa huko Chinde, penye mdomo wa Zambezi, akiwa njiani kurudi kwao.

8. Kilichobaki

Mwana wa Msiri, Mukanda-Bantu, aliwekwa mwami mahali pa baba yake, lakini juu ya inchi ndogo tu. Wafalme wa Basanga walitolewa chini ya mkono wa Bayeke. Lakini walikuwa wamevua mzigo mmoja, wakavikwa mwingine, kwa maana Leta ilileta kodi na kazi za nguvu, na watu wote wawili, Bayeke na Basanga, waliubeba pamoja. Watu wengi wa Bunkeya walitawanyika. Baadhi yao walimfuata Dan Crawford mpaka Luanza, kando ya ziwa Mweru, ambapo alikaa miaka mingi akifanya kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiluba-Sanga, mpaka alipokufa mwaka 1926.

Lakini Bayeke hawakuisha. Walirudi Bunkeya, na mpaka leo kuna mwami wa Bayeke pale, na kila mwaka tarehe 20 Desemba wanakumbuka kifo cha Msiri kwa ngoma na sherehe.

Na hapa tuko na jambo ambalo tunaomba kila msomaji aliwaze. Ule mji mkubwa ulianguka. Bunduki zilinyang'anywa. Biashara ya Bié ilikufa. Mulambo ulikoma. Vyote ambavyo Msiri alivipata kwa nguvu vilipotea katika mwaka mmoja. Lakini Bayeke wangali hapa. Kwa sababu gani? Kwa sababu babu zao, wale wapagazi na wawindaji waliotua mzigo, walioa huku, wakalima huku, wakazika watu wao huku. Lugha yao ya Usumbwa ilibaki karibu kwa nyimbo na sherehe tu. Nyumbani, wengi wao wanasema Kisanga, lugha ya wale wenyeji waliompokea babu yao. Kwa bunduki mgeni alikuwa mfalme miaka 30 hivi. Kwa jembe, kwa ukwe na kwa lugha, amekuwa mwenyeji mpaka leo.

Basi tuseme nini juu ya Msiri? Tukimwita shujaa tu, tunawasahau watu waliofungwa kamba wakapelekwa Bié, nao walikuwa na mama. Tukimwita mwuaji tu, tunawapa haki wale waliomwua ili wachukue shaba, na ambao hawakuja kwa sababu ya huruma kwa watumwa. Alikuwa mtu mwenye akili kubwa, aliyejua vizuri namna ya kuingia katika inchi ya wengine, na aliyesahau, alipopata nguvu, kwamba aliingia kwa kukaribishwa.

Wandugu, katika Katanga yetu karibu kila mtu ana babu aliyefika kutoka mahali. Wengine walikuja na msafara, wengine na treni kwa kazi ya migodi, wengine juzi tu na gari la mizigo. Wengine ni wa tangu zamani kabisa. Katika chumba kimoja cha kulala cha shule tuko wa makabila sita, saba, nane. Mara nyingi, na zaidi katika miaka ya 1992 na 1993, watu wa jimbo hili walifukuzana kwa neno hili la nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, na wengi walikufa njiani wakirudishwa kwa inchi ambayo hawakuizaliwa. Ndiyo sababu tunasema maisha ya Msiri si ya mtihani wa historia peke yake.

Aliyekuja akumbuke kwamba alipewa maji mbele ya kupewa shamba. Aliyemkuta akumbuke kwamba mgeni aliyezika watoto wake hapa hana tena njia ya kurudia. Adabu ile ya msafara ya kusimama nje ya kijiji, kutuma salamu na kungoja jibu, Msiri aliijua tangu ujana wake. Ilimfikisha salama mpaka Katanga. Siku alipoiacha, yeye na wenyeji wake wote walipotea njia pamoja.

Mwenye kusikia kwa wazee wake habari nyingine za Bunkeya, awe Muyeke au Msanga au mwingine yeyote, aandike vizuri na kuleta kwetu. Tutafurahi kuzisoma.